Kufundisha Habari za Mgodi wa Makaa ya Mawe na Mabonde ya Vijito Vilivyo Karibu Nao

Walimu wengi wanapofika kwenye mada ya madini huwafundisha wanafunzi mahali makaa ya mawe yanapopatikana, namna yanavyochimbwa, na kazi yake katika viwanda vya saruji na mitambo ya umeme. Ramani huchorwa ubaoni, Kiwira ikawekewa nukta, Ngaka na Mchuchuma nazo zikawekewa nukta, na kipindi kikaisha. Hatuna ugomvi na nukta hizo. Ila tunapokagua maandalio ya masomo ya wanachuo wetu tumeona kwamba mgodi katika maandalio hayo hauna mwisho. Makaa hutoka ardhini, yakapakiwa katika malori, yakaenda zake. Shimo lililobaki, kifusi kilichofukuliwa, na kijito kilichokuwa kikipita chini ya kilima hicho, havitajwi kabisa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kuliendeleza somo hilo hadi mahali linapopaswa kufika, yaani kuirudishia ardhi iliyochimbwa hali yake na kuyalinda mabonde ya maji yaliyo jirani. Zana tutakazozitaja hupatikana kijini bila gharama. Mada hii yawafaa wanafunzi wa Darasa la Tano na kuendelea, na yaweza kugawanywa katika vipindi vitatu au vinne vya sayansi na jiografia.

Kabla ya kufika kwenye mbinu, yatupasa tueleze kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu wa shule ya msingi. Kusini mwa Wales kuna kijiji kiitwacho Aberfan. Kwa miaka mingi mgodi wa hapo ulikuwa ukimwaga vifusi vyake kwenye mlima ulio juu ya kijiji. Lundo la saba lilianzishwa mwaka 1958, na sehemu yake ilikaa juu ya chemchemi. Chemchemi hizo hazikuwa siri, kwani zilionyeshwa katika ramani za serikali. Maji yaliendelea kutoka chini ya lundo kama yalivyotoka siku zote, lakini sasa hayakuwa na mahali pa kupita, na lundo likazidi kulowa kutoka ndani. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri ya hapo alikwisha andika barua juu ya hatari ya tope la makaa lililokuwa likimwagwa nyuma ya shule. Baadaye akina mama nao walipeleka malalamiko kuhusu maji yaliyokuwa yakifurika shuleni. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, 1966, yapata saa tatu na robo, lundo hilo liliteremka kama uji mzito likaifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba zilizokuwa karibu. Watu 144 walikufa. Kati yao 116 walikuwa watoto, wengi wao wa umri wa miaka 7 hadi 10. Walimu watano walikufa pamoja na wanafunzi wao. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Edmund Davies ilitoa taarifa yake mwaka 1967 na kuitia lawamani Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Mwaka 1969 Uingereza ikatunga sheria ya kusimamia malundo ya vifusi vya migodi. Malundo yaliyobaki juu ya Aberfan yaliondolewa, ila pauni 150,000 za kazi hiyo zilichukuliwa katika mfuko wa michango iliyotolewa na watu kwa ajili ya wafiwa. Fedha hizo hazikurudishwa hadi mwaka 1997. Sisi huwaeleza wanachuo habari ya fedha hizi kila mwaka, na kila mwaka darasa hunyamaza kwa muda.

Wanachuo wametuuliza kama inafaa kuisimulia habari ya Aberfan katika shule ya msingi. Jibu letu ni kwamba katika madarasa ya chini isisimuliwe. Katika Darasa la Sita na la Saba mwalimu anaweza kuisimulia kwa maneno machache na kwa sauti ya kawaida, baada ya wanafunzi kuona kwa majaribio namna udongo uliolowa unavyotembea. Asiitumie kama kichocheo cha kufungulia somo. Tumewahi kumwona mwanachuo akianza kipindi kwa habari hiyo ili kuvuta usikivu wa darasa. Aliupata usikivu, lakini watoto walitumia dakika zilizobaki kuangalia kilima kilichoonekana dirishani, ambacho hakikuwa na mgodi wo wote.

Sasa tuangalie mambo ambayo mwalimu mwenyewe hana budi kuyafahamu.

Makaa ya mawe yakiwa karibu na uso wa ardhi huchimbwa kwa mgodi wa wazi, kama ifanyikavyo Ngaka, wilayani Mbinga, tangu mwaka 2011. Yakiwa mbali chini huchimbwa kwa njia za chini kwa chini, kama mgodi wa Kiwira uliofunguliwa mwaka 1988. Katika mgodi wa wazi huondolewa kwanza miti na nyasi, kisha udongo wa juu, kisha tabaka za mwamba zilizoyafunika makaa. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, mizizi, mbegu na viumbe vidogo, na mara nyingi unene wake haufiki hata urefu wa mkono. Ukichanganywa na mwamba uliovunjwa, umepotea. Kwa sababu hiyo kazi ya kurudishia ardhi huanza siku ya kwanza ya kuchimba: udongo wa juu hutengwa, hulundikwa mahali pake peke yake, na hupandwa majani ili usichukuliwe na mvua.

Jambo la pili ambalo wanachuo wengi hulisahau ni kwamba mwamba ukivunjwa huongezeka ujazo. Mawe yaliyovunjika huacha nafasi katikati yao, na kifusi huzidi ujazo wa mwamba uliokuwapo kwa robo au hata zaidi. Ye yote aliyewahi kuchimba shimo na kulifukia siku hiyo hiyo anajua kwamba udongo haukubali kurudi wote. Mwenye mgodi basi huwa na ziada ya kifusi, na katika nchi ya milima mahali rahisi pa kuitupa ni bondeni. Hapo ndipo mgodi na kijito vinapokutana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni milima ya Appalachia, mashariki ya Marekani, hasa katika majimbo ya West Virginia na Kentucky. Huko vilele vya milima vilipasuliwa kwa baruti ili kuyafikia makaa, na ziada ya kifusi ikamwagwa katika vichwa vya mabonde. Kwa hesabu ya wakala wa serikali ya nchi hiyo wa kulinda mazingira, kati ya mwaka 1985 na 2001 zaidi ya kilomita 1,100 za vijito zilifunikwa kwa njia hiyo. Mtu aweza kusema kwamba hivyo vilikuwa vijito vidogo tu, vingine vikikauka wakati wa kiangazi. Lakini mto mkubwa haupati maji yake kwingine. Majani yanayooza katika vijito vya juu hulisha wadudu, wadudu hulisha samaki wa chini, na maji yaliyopita chini ya kivuli hufika mtoni yakiwa baridi na safi. Kijito kikifunikwa, maji hupenya katika kifusi na kutokea upande wa chini yakiwa yamebeba chumvi za mawe yaliyovunjwa, na wadudu wengi hawawezi kuishi humo ijapokuwa kwa macho maji yanaonekana meupe. Mwalimu alikumbuke hili wanafunzi watakaposema kuwa maji safi ni yale yasiyo na rangi.

La tatu ni asidi. Katika makaa ya mawe na miamba iliyo karibu nayo mara nyingi mna madini ya chuma na salfa yaitwayo pairiti. Yakiwa chini kabisa, pasipo hewa, hayana madhara. Yakifukuliwa na kupata hewa na maji, hugeuka kuwa asidi kali na kutu. Asidi huyeyusha madini mengine katika mawe, na kutu hutua katika sakafu ya kijito ikawa utando wa rangi ya machungwa unaoziba makao ya wadudu. Maji ya namna hii yaweza kuendelea kutoka kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa na wachimbaji kwenda kwao. Mwezi wa Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji yenye asidi kutoka sehemu za machimbo ya makaa yaliingia katika bwawa la mji wa Carolina, jimboni Mpumalanga, Afrika Kusini, na wakazi wakakosa maji ya bomba ya kunywa kwa miezi kadhaa.

Marekani ilitunga sheria ya kurudishia ardhi ya machimbo ya makaa mwaka 1977, miaka mitano baada ya bwawa la taka za makaa kupasuka katika bonde la Buffalo Creek, West Virginia, tarehe 26 Februari, 1972, na kuua watu 125. Sheria hiyo inamtaka mchimbaji atenge udongo wa juu, ajaze shimo, airudishe ardhi karibu na umbo lake la kwanza, na apande mimea. Kiini chake, kwa maoni yetu, ni dhamana. Kabla ya kuchimba, mchimbaji huweka fedha au hati ya thamani ya fedha ambazo zingetosha serikali kuifanya kazi yenyewe kama yeye angetoroka. Mwalimu asihangaike kutafuta maneno ya kisheria ya kulieleza jambo hili. Aseme habari za chupa ya soda: muuza duka hakuruhusu uondoke na chupa mpaka umwachie fedha ya chupa, na ukiirudisha nzima anakurudishia fedha yako. Dhamana ya mgodi hurudishwa kidogo kidogo. Asilimia 60 yaweza kurudishwa ardhi ikisha sawazishwa na maji kuongozwa vema; nyingine hubaki mpaka mimea imeota; na ya mwisho hushikwa mpaka ipite miaka mitano ya kuitunza mimea hiyo, au miaka 10 katika sehemu zenye mvua haba. Tulipoulizia darasani kwa nini sehemu kavu zipewe miaka mingi zaidi, msichana mmoja wa Darasa la Sita alijibu kwamba mwaka mmoja wenye mvua unaweza kumdanganya mkaguzi. Hatukuwa na jibu bora kuliko hilo.

Wanachuo wasidhani, hata hivyo, kwamba sheria ikiandikwa kazi imekwisha. Kwa miaka mingi wachimbaji wa Appalachia walitimiza agizo la kusawazisha ardhi kwa kupitisha matingatinga tena na tena mpaka mteremko ukawa laini kama sakafu. Wakaguzi waliridhika, nyasi zikaota, lakini miti iliyopandwa ikadumaa au ikafa, kwa kuwa mizizi haikuweza kuupenya udongo ulioshindiliwa, na maji ya mvua yakateleza juu yake badala ya kuzama. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa misitu wa huko wamekuwa wakihimiza njia nyingine: tabaka la udongo au mwamba laini lenye kina cha mita 1.2 liachwe bila kushindiliwa, likiwa na mabonge na mabonde madogo, na nyasi zisizosongamana ziachie miti nafasi. Ardhi iliyofanyiwa hivyo huonekana kama shamba lililolimwa na mvivu, nayo ndiyo inayoota msitu.

Kuhusu vijito, mwaka 1983 kanuni za nchi hiyo ziliweka ukanda wa futi 100, yaani mita 30 hivi, kila upande wa kijito, ambamo kazi za mgodi zisifanyike bila idhini maalumu. Idhini hizo zilitolewa, na mabonde yakaendelea kujazwa. Kanuni iliyo kali zaidi ilitolewa Desemba 2016 na kufutwa Februari 2017, kabla hata mwalimu hajapata nafasi ya kuiandika katika azimio la kazi. Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wanafunzi waisome namba hiyo wakiwa uwanjani: kamba ya mita 10 ipimwe mara sita kutoka mstari utakaokuwa ukingo wa mto. Wengi hushangaa jinsi mita 60 zilivyo nyingi zikitembewa, na jinsi zilivyo chache mvua ikiteremsha tope.

Tuje sasa darasani. Kwa jaribio la kwanza mwalimu atafute madebe mawili ya zamani yaliyopasuliwa kwa urefu ili apate mabirika manne, atumie matatu. La kwanza ajaze udongo mtupu uliochanganywa na changarawe. La pili ajaze udongo huo huo na kuufunika kwa nyasi zilizong'olewa pamoja na udongo wa mizizi yake. La tatu ajaze kama la kwanza, lakini upande wa chini aweke ukanda wa nyasi wenye upana wa shubiri moja. Yote yainamishwe sawasawa juu ya matofali, na chini ya kila moja iwekwe chupa inayoonyesha. Mwanafunzi amwagie kila birika lita mbili za maji kwa kopo lenye matundu. Kisha chupa zipangwe mezani na darasa liulizwe.

“Mmeona nini?”

“Mwalimu, chupa ya kwanza ina tope, ya pili ni nyeupe.”

“Na ya tatu?”

“Ya katikati.”

Hapo ndipo wanachuo wengi husimama, wakaandika ubaoni kwamba nyasi huzuia tope. Tunawasihi wasisimame. Jaribio la tatu lirudiwe, safari hii mwanafunzi akichora kwa kidole mfereji mmoja kutoka juu hadi chini na kuupitisha katikati ya ukanda wa nyasi. Maji yote yatakimbilia katika mfereji huo, na chupa itajaa tope karibu sawa na ya kwanza. Kwa njia hii wanafunzi watatambua wenyewe kwa nini mgodi huhitaji mitaro ya kukinga maji na mabwawa ya kutuamisha tope kabla maji hayajafika kwenye ukanda wa kijito. Chupa ziachwe dirishani hadi kesho yake ili waone tope lililotua chini, na wale wanaokaa karibu na dirisha waandike ni saa ngapi maji yalianza kung'aa.

Jaribio la pili lahitaji makopo mawili yaliyotobolewa chini. Udongo wa aina moja hutiwa katika yote; kopo moja hushindiliwa kwa kichwa cha mchi, jingine huachwa. Maji ya kikombe kimoja humiminwa katika kila kopo, na wanafunzi huhesabu muda mpaka yatoweke juu ya udongo. Baadaye hupandwa maharage matatu katika kila kopo. Baada ya majuma mawili makopo humwagwa na mizizi hulinganishwa. Jaribio hili ni rahisi mno, na mwalimu mwenye haraka huweza kulidharau, lakini ndilo lililokuwa halijafanywa na wale waliokuwa wakisawazisha milima kwa matingatinga.

La tatu ni la asidi. Choya zichemshwe, maji yake mekundu yapozwe na kugawanywa katika vikombe vitatu. Katika kimoja huongezwa maji ya limao, katika kingine maji ya majivu yaliyochujwa, na cha tatu huachwa. Limao huzidisha wekundu; majivu huubadili kuelekea rangi ya kijani au buluu iliyofifia. Wanafunzi wakisha zoea kuzisoma rangi hizo, wasage maganda ya yai na kuyatia katika maji ya limao. Wataona mapovu, na wakiyapima maji hayo baada ya siku moja kwa choya wataona wekundu umepungua. Maganda ya yai ni chokaa, na mawe ya chokaa ndiyo hupangwa katika mitaro ili kupunguza ukali wa maji ya migodi. Mwalimu asiwaache wakiamini kuwa chokaa huponya yote. Kutu ya chuma huyavika mawe hayo utando, yakaacha kufanya kazi, na lazima mtu arudi kuyatazama.

Mara ya kwanza tulipoijaribisha mada hii katika shule ya mazoezi, sisi wenyewe tulikosea. Tulimaliza vipindi kwa swali hili: Je, mgodi ni mzuri au mbaya? Wanafunzi 41 kati ya 44 waliandika kwamba mgodi ni mbaya na ufungwe. Tulifurahi, mpaka tulipokusanya madaftari ya watatu waliobaki. Wawili hawakuandika kitu. Wa tatu, mvulana aliyekuwa mchangamfu sana wakati wa majaribio, aliandika sentensi moja kwamba sare aliyovaa ilinunuliwa kwa mshahara wa baba yake aendeshaye lori la makaa. Tulikuwa tumemlazimisha achague kati ya baba yake na mwalimu wake, na tulikuwa tumewafundisha wenzake kuimba jibu tulilotaka kusikia. Tulimwita, tukamwomba radhi, naye alisema, “Haina neno, mwalimu,” kama watoto wenye adabu wasemavyo jambo linapokuwa bado lina neno.

Tangu hapo tumeliacha swali hilo. Badala yake huwapa wanafunzi picha ya kilima iliyochorwa ubaoni, yenye mgodi, lundo, kijito, shule na mashamba, na kuwauliza: Nani afanye nini hapa, lini, na sisi tutajuaje kwamba amefanya? Swali hili laweza kujibiwa na mtoto wa dereva, wa mkulima, na wa mwenyekiti wa kijiji pia. Mwenye mgodi atatenga udongo wa juu kabla ya kuchimba, na tutajua kwa kuwa lundo lake litakuwa peke yake tena limeota majani. Lundo la kifusi litakaa mbali na chemchemi, na tutajua kwa kupima kwa kamba. Mvulana yule, tuliporudia somo, ndiye aliyeeleza kwamba malori yakipita kijitoni bila daraja tope huwa jingi kuliko linalotoka mgodini. Baba yake alikwisha mwambia.

Katika wilaya ya Mbinga mwalimu ana msaada mwingine ambao hautakiwi kupuuzwa. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa kilimo cha ngoro kwa zaidi ya miaka mia. Nyasi zilizofyekwa hupangwa katika miraba, udongo huchimbwa katikati na kurushwa juu ya nyasi hizo, na kilima chote hubaki na mashimo mengi yanayoshika maji huku mazao yakiota juu ya matuta. Mvua ikinyesha kila shimo hunywa sehemu yake, na bonde la chini halipati tope. Tazama sasa kilima cha Appalachia kilichoachwa na mabonge na mabonde madogo ili miti iote: wazo ni lile lile. Hatusemi kwamba lundo la kifusi lilimwe ngoro, kwa maana kifusi kilicholowa kina hatari zake, kama tulivyoona. Lakini bibi wa mwanafunzi akialikwa darasani kueleza kwa nini miraba ipangwe hivi na si vile, watoto watapata elimu ya maji na mteremko ambayo vitabu vyetu havijaiandika vizuri. Mwanachuo ampokee bibi huyo kwa heshima ipasayo, ampe kiti, na asimkatize ili kusahihisha maneno ya kitaalamu.

Ziara ya bondeni ni ya mwisho, na ina masharti. Wanafunzi wasipelekwe kwenye mgodi, kwenye lundo, wala kwenye bwawa la tope, hata kama mlinzi ni ndugu yake mwalimu. Ziara ifanywe katika kijito kidogo kilicho karibu na shule, wakati wa kiangazi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na serikali ya kijiji, na pasiwe na mtoto anayeingia majini. Mwalimu mwenye viatu vya mpira ndiye atakayeinua mawe. Chini ya mawe ya kijito chenye afya huonekana wadudu wachanga bapa wenye mikia mitatu, na mara nyingine kaa wadogo. Wanafunzi wawahesabu, waandike rangi ya maji, wapime maji kwa choya, kisha mawe yarudishwe yalivyokuwa. Shule isiyo na mgodi karibu ifanye vivyo hivyo. Kijito kisichopimwa kabla ya mgodi kufika hakina ushahidi wa jinsi kilivyokuwa.

Matokeo yaandikwe katika daftari moja la shule, si katika madaftari ya wanafunzi peke yake. Katika kurasa mbili za mwanzo wanafunzi wachore ramani ya chemchemi zote wanazozijua, kila moja kwa jina linalotumiwa na wachotaji wa maji. Kurasa zinazofuata ziwe na tarehe, rangi ya maji, hesabu ya wadudu na majina ya waliopima, mara mbili kwa mwaka. Daftari hilo likae katika kabati la mwalimu mkuu, na lisikae nyumbani kwa mwalimu wa sayansi, kwa kuwa walimu huhamishwa.